Mlango wa Bluu, Katubuka

Mlango ule wa bluu niliujua kabla haujapakwa rangi.
Mimi ndiye niliyemleta fundi Ntibabara, akaupiga randa
siku mbili barazani, akila mihogo yangu.
Leo nimeuona kwenye simu ya mwanangu
mara saba.
Mlango mmoja, bei saba,
madalali saba, na mmoja wao yuko Morogoro,
hajawahi kushuka mwisho wa reli
vumbi letu jekundu likampokea begi.

Tangazo la kwanza, laki na themanini.
La pili, laki na sabini, maongezi yapo.
La tatu limeniibia hata picha: kidole changu
kimeingia pembeni, gumba, kile chenye kovu la panga.
Kidole changu kinamtafutia Gervasi riziki.

Zamani ushindani ulikuwa na miguu.
Ukitaka kumshinda Hamduni, unaamka kabla ya Hamduni,
unapita soko la Mwanga, unasikia nani kahamishwa kazi,
mke gani karudi kwao Kasulu,
chumba gani kimelala giza siku tatu.
Funguo kumi na tisa mkandani;
nikitembea, mtaa unajua.
Na mgeni akishatoa elfu tano ya kuzungushwa
nilimzungusha kweli, Mungu anisamehe:
vyumba viwili vibovu kwanza
ili cha tatu kikae kama pepo.

Sisemi tulikuwa malaika.
Kodi ya mwezi mzima ilikuwa yangu
na hakuna aliyejua jirani kalipa ngapi.
Sasa wanajua. Binti wa benki, yuko kwao Shinyanga,
amezipanga bei zetu kama mafungu ya dagaa,
anazipekua kwa kidole, ananiandikia:
"Mwenzako anachukua nusu mwezi. Wewe je?"
Nusu. Kesho robo.
Keshokutwa mwenye nyumba ataweka namba yake mwenyewe,
sisi tubaki tukigombania kivuli cha geti.

Wiki jana Gervasi alipiga picha chumba
amechutama kwenye kona, simu juu ya goti;
futi kumi zikatanuka zikawa ukumbi wa harusi.
Watu arobaini walipiga simu.
Kitanda cha aliyelipa kiko nje hadi leo,
kimeegemea ukuta, mvua inazihesabu mbao zake.

Basi jana usiku nikamwambia Nyamwiza, andika.
Akauliza, niandike nini, baba? Ya kisasa, tulivu,
karibu na huduma zote za jamii?
Nikasema, andika:

Nyumba ya mlango wa bluu. Vyumba viwili. Bati halivuji.
Mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa juu unamwaga mbele ya ngazi,
nunua buti.
Maji hutoka Jumanne na Ijumaa, usiku.
Mwenye nyumba ni mwema, ila hufunga geti saa tatu
na baada ya hapo hasikii hodi.
Jirani wa kushoto anakamua mawese;
harufu utaizoea, au hutaizoea.
Dirisha la jikoni, kati ya matangi mawili,
lina ziwa, upana wa kiganja.
Picha hakuna. Njoo uone. Kuzungushwa bure.

Nyamwiza akanitazama kama mtu
anayemwona baba yake akitupa mtaji mtaroni.

Mpaka saa nne asubuhi, simu mbili.
Ya kwanza ya mwenye nyumba, Bi Ntamahungiro:
amenitukana vizuri, kwa Kiha,
matusi niliyodhani yalizikwa na bibi yangu.
Ya pili, muuguzi anayehamia kutoka Kibondo.
Hakuuliza bei; bei anazo, zote saba.
Aliuliza: "Hilo geti, ni saa tatu kamili?
Maana zamu yangu huisha saa nne."

Nikavaa viatu.
Bi Ntamahungiro hajamaliza kunitukana;
nitamwomba amalizie nikiwa mbele yake,
kisha tuongee habari za geti.